Mashamba Yasiyo na Ua

Katika jimbo la Nottinghamshire, Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Laxton. Mgeni huona kanisa la mawe, nyumba za matofali mekundu kando ya njia, na kilima cha udongo ambapo palikuwa na ngome ya Wanormani. Mambo hayo hupatikana kwingi katika nchi ile. Ajabu ya Laxton imo mashambani.

Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa hivi: kila mkulima alikuwa na vipande vyembamba vya ardhi vilivyotawanyika katika mashamba makubwa, bila ua baina yake na jirani. Katika karne ya 18 na ya 19 Bunge lilipitisha sheria nyingi za kukusanya vipande na kuvizungushia ua. Kilimo kiliendelea, ni kweli. Lakini maskini wengi waliozoea kulisha ng'ombe wao katika malisho ya wote walibaki mikono mitupu. Huko Laxton kazi hiyo haikumalizika. Mashamba matatu yangalipo: West Field, Mill Field na South Field, ingawa vipande vyake si vingi kama vilivyochorwa katika ramani ya Mark Pierce ya mwaka 1635. Mashamba hayo hupokezana zamu: moja hupandwa ngano kabla ya baridi, jingine hupandwa baridi ikiisha, na la tatu hupumzishwa au huoteshwa majani ya mifugo.

Basi pasipo ua, nani alindaye mpaka? Ni majirani wenyewe. Karibu na mwisho wa Novemba wakulima walioapishwa hulikagua shamba la ngano, matope yakiwashika miguuni, na kupigilia vigingi penye mipaka. Aliyepeleka plau yake hata hatua moja ndani ya njia, au aliyeacha mtaro wake uzibe, huandikwa. Baada ya wiki moja baraza lao hukutana katika kilabu cha pombe cha Dovecote Inn na kutoza faini. Fedha zenyewe ni kidogo. Lililo zito ni kutajwa mbele ya wenzako.

Baraza hulinda pia sehemu za majani ziitwazo sykes, penye unyevu au mteremko usiofaa plau. Kwa kuwa hazikulimwa, maua ya porini yaliyokwisha kutoweka kwingineko huota humo, na nyasi zake huuzwa kwa mnada.

Mwaka 1952 Serikali iliinunua ardhi hiyo kwa Earl Manvers ili desturi isife. Mwaka 1981 ilihamishiwa milki ya Taji, na mwaka 2020 ikarudi kwa Thoresby, milki ya ukoo ule ule wa awali. Wapangaji wa leo wana matrekta mapana kwa vipande vyembamba, nao hupoteza saa nyingi wakihama kutoka kipande hadi kipande. Hata hivyo siku ya ukaguzi hutoka, na vigingi vikiisha kupigiliwa hurudi kijijini kula pamoja.