Ngome Tatu Alizoziona Mtu wa Mombasa

Watu wengi hudhani ya kuwa kusafiri kwa ajili ya kutazama tu ni anasa ya matajiri, nao humcheka mtu wa mshahara atumiaye akiba yake kwenda kuyaona majumba ya kale ya watu wengine. Mkulima husema, "Fedha hiyo ingenunua ng'ombe wa maziwa." Karani husema, "Ingelipa karo ya mtoto." Maneno hayo yana haki yake. Lakini iko habari ya mtu mmoja wa Mombasa ambaye safari zake za kutazama zilimletea faida asiyoitazamia, na faida hiyo hakuipata katika nchi za mbali, bali mlangoni pa kwao.

Mtu huyu alizaliwa Mji wa Kale, katika nyumba isiyo mbali na Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Mwaka 2014 alipata kazi ya ukarani wa ghala katika kampuni moja ya mafuta huko Maskati, mji mkuu wa Oman. Kila mwisho wa mwezi aliwapelekea wazee wake fedha kwanza, kisha akalipa kodi ya chumba chake, na kilichosalia akakiweka kidogo kidogo kwa ajili ya kutembea. Baba yake, mzee aliyekuwa seremala, hakumkataza. Alimwambia tu, "Nenda ukaone, mwanangu. Lakini usirudi na picha tupu."

Mji wa Maskati umekaa baina ya bahari na majabali makavu ya rangi ya hudhurungi. Nyumba zake ni nyeupe, na jua lake ni kali kuliko la Mombasa. Siku ya kwanza msafiri alipokwenda soko la Mutrah kununua ubani, mwenye duka alimjibu kwa Kiswahili cha Unguja, naye akastaajabu sana. Jambo hilo lina sababu. Watu wengi wenye asili ya Oman waliokuwa wakikaa Unguja na pwani ya Afrika ya Mashariki walihamia Oman, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, nao hawakuiacha lugha yao bandarini.

Siku za mapumziko alizitumia vizuri. Jioni alitembea katika ufuko mrefu wa Qurum, ambapo watu wazima kwa watoto hucheza mpira mchangani jua likichwa. Mara nyingine alikwenda Sur, mji wa mafundi wa majahazi. Kutoka huko vyombo vilivuka bahari kwa pepo za kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, vikarudi kwa kusi. Karibu na Sur aliyaona maghofu ya Qalhat, mji ambao Ibn Battuta aliufikia baada ya kuzuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Wareno waliushambulia mji huo mwaka 1508, na leo jengo litazamwalo zaidi ya yote ni kaburi moja la kale liitwalo kaburi la Bibi Maryam.

Lakini jambo lililomgusa zaidi lilikuwa katika Maskati yenyewe. Penye bandari ya kale ziko ngome mbili juu ya majabali, moja huku na moja huku, nazo ni Mirani na Jalali. Wareno waliuteka mji huo mwaka 1507, na mwishoni mwa karne ya 16 wakazijenga ngome hizo ili kuilinda bandari. Mwaka 1650 Waomani waliwafukuza. Siku moja msafiri alisimama chini ya Jalali pamoja na mwenyeji wake, mzee mmoja wa Maskati, akamwuliza mbona ngome hiyo haina mlango upande wa mjini. Mzee akajibu, "Mlango upo. Lakini wakati wa utoto wetu aliyeingia hakutoka upesi. Hilo lilikuwa gereza." Ni kweli, kwani Jalali ilitumika kuwa gereza hata miaka ya 1970.

Msafiri aliposikia neno hilo alinyamaza, maana kwao pia lilikuwapo jambo kama hilo.

Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mtaliana aitwaye Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Tangu mwaka 1895 serikali ya Kiingereza iliifanya gereza, nayo ikabaki hivyo hata mwaka 1958. Katika mwaka 1952 babu yake msafiri alifungwa humo miezi mitatu kwa kushindwa kulipa kodi. Tangu siku hiyo watu wa nyumba ile hawakuingia Ngomeni. Hata ilipokwisha kufunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho mwaka 1960, hawakuingia. Watoto wa shule walipopelekwa kuitazama, msafiri aliagizwa na baba yake abaki nyumbani, wala hakuelezwa sababu zaidi ya hiyo kwamba babu alifungwa mle. Basi alikuwa amekula mihogo ya kuchoma kivulini mwa kuta zile utoto wake wote, asiijue ndani yake ikoje.

Mwaka 2019, baada ya kuweka akiba kwa muda wa miaka mitatu, alipata likizo, akaenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Alitaka kuwaona watu waliojenga ngome hizo walitoka katika nchi ya namna gani.

Lisbon ni mji wa vilima, uliojengwa kando ya mto Tejo karibu na unapoingia baharini. Tramu ndogo za manjano hupanda njia nyembamba zilizo mfano wa vichochoro vya Mji wa Kale, na wanawake huanika nguo madirishani. Sehemu kubwa ya mji ilibomoka katika tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, ikajengwa upya kwa njia pana zilizonyoka. Msafiri alipanda gari la moshi hadi Cascais, penye fuko za mchanga safi, akatia miguu majini, akaitoa mara moja, kwani bahari ya Atlantiki ni baridi mno kwa mtu aliyezoea maji ya Nyali. Watoto wa pale walimcheka, naye akacheka pamoja nao.

Jambo jingine lililompendeza ni lugha. Aliona meza huitwa "mesa", na bendera "bandeira", na leso "lenço". Juu ya ramani ya mji, kila penye kanisa paliandikwa "igreja". Wataalamu wa lugha husema ya kuwa neno letu "gereza" limetoka hapo. Ndani ya ngome za Wareno mlikuwa na kanisa, na wenyeji walilichukua jina. Wenye ngome walipobadilika na watu wakafungwa humo, jina likabaki likiwa na maana mpya. Kwa hiyo neno ambalo Mreno hulisikia akakumbuka sala, mtu wa pwani hulisikia akakumbuka minyororo.

Katika mtaa wa Belém aliingia nyumba kubwa ya watawa iitwayo Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16. Mawe yake yamechorwa kamba, matumbawe na majani kwa ustadi wa ajabu. Fedha ya kuijenga ilitoka kwa sehemu kubwa katika ushuru wa bidhaa za Afrika na nchi za Mashariki. Karibu na mlango wa kanisa lipo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyefika Mombasa Aprili 1498, akaondoka kwa mashaka, akapokewa vizuri Malindi, na huko akapata rubani wa kumwongoza kuvuka hadi Bara Hindi. Sanamu yake imelala juu ya kaburi, mikono imekutanishwa kwa sala. Wageni walipiga picha. Msafiri alikumbuka kwamba miaka saba tu baada ya safari ile, yaani mwaka 1505, Wareno wengine waliiteketeza Mombasa kwa moto, lakini habari hiyo hakuiona imeandikwa pale.

Kando ya mto lipo jengo la ukumbusho wa wavumbuzi wa Kireno, lililomalizika mwaka 1960, lenye kimo cha mita 52, yaani kama minazi miwili mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwenziwe. Chini yake imetandazwa ramani ya dunia ya mawe ya marumaru. Msafiri aliitafuta pwani ya Afrika ya Mashariki, akasimama juu yake kwa viatu vyake, akaona ya kuwa nchi yao yote yaenea chini ya kanyagio moja.

Hatua chache kutoka hapo upo Mnara wa Belém, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 16 ili kuulinda mlango wa mto. Ni jengo zuri jeupe, na picha zake huuzwa kila mahali. Msafiri alinunua tikiti, akaingia, akateremka chumba cha chini. Dari ilikuwa chini hata akainama, na kwa tundu dogo alisikia maji ya mto yakipiga ukuta. Kibao kilieleza ya kuwa chumba hicho kiliwahi kutumika kuwafungia watu. Alikaa humo kitambo, wageni wengine wakiingia na kutoka. Hata hao waliojenga ngome katika nchi za wengine walikuwa wamewafunga watu wao wenyewe, na sasa mtoto mdogo alikuwa akila keki mahali pale pale.

Kabla ya kuondoka alikwenda kuitazama nyumba ya makumbusho ya Calouste Gulbenkian. Huyo alikuwa Mwarmenia aliyezaliwa Istanbul mwaka 1869, akatajirika kwa mafuta ya ardhini ya Mashariki ya Kati. Alifariki Lisbon mwaka 1955, akaacha mali yake iwe wakfu wa kusaidia sanaa, elimu na maskini. Humo ndimo alimojua jambo ambalo hakupata kulisikia kwao, ya kwamba fedha ya wakfu huo ndiyo iliyosaidia kuitengeneza Ngome ya Yesu ilipoacha kuwa gereza. Karani wa ghala la mafuta alikaa kitako juu ya benchi bustanini. Alikuwa amesafiri nchi mbili, naye akarudishwa Ngomeni.

Desemba mwaka ule ule alirudi Mombasa. Usiku wa kwanza, baada ya kula, alimwonyesha baba yake picha. Mzee alizipitia upesi, mpaka alipofika picha ya chumba cha chini cha Belém.

"Huko nako walifunga watu?"

"Ndiyo, baba. Na Maskati pia."

"Na sasa?"

"Sasa watu huingia na kutoka."

Mzee hakusema neno. Asubuhi alivaa kanzu na kofia, akachukua mkongojo, akasema, "Haya, twende."

Walipofika mbele ya lango la Ngomeni alisimama, akaonyesha mahali kwa mkongojo. Akasema ya kuwa mwaka ule wa 1952, akiwa mtoto wa miaka saba, mamake alimtuma na mikate miwili ya mofa iliyofungwa katika leso, ampelekee baba yake. Askari wa zamu alimfukuza. Mtoto akaogopa kurudi na mikate mikononi, na tena alikuwa na njaa, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu. Akaila yote miwili nyuma ya ukuta, akaenda kumwambia mamake kwamba baba ameipokea.

"Alipotoka, mama alimwuliza kama mikate ilimfikia. Baba akanitazama, akasema imemfikia, tena ilikuwa mitamu. Hakunitaja, wala hakuniuliza mpaka akafa. Ndiyo sababu sikuingia humu, mwanangu. Si kwa ajili ya Waingereza."

Wakakata tikiti, wakaingia. Mwongozaji wa wageni aliwaeleza kwa adabu ya kuwa vyumba vya wafungwa haviko tena kama vilivyokuwa. Akawaonyesha nyumba ya Waomani, na mizinga, na michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na Wareno waliokuwa wakiingoja siku ya kurudi kwao. Mzee aliitazama michoro hiyo kwa muda mrefu, kama seremala atazamavyo kazi ya mwenziwe. Kisha akaomba aachwe peke yake penye ukuta unaoelekea bahari, akainua mikono, akamsomea baba yake Fatiha.

Walipotoka jua lilikuwa kali. Mzee alimtuma mwanawe anunue mikate miwili ya mofa, wakala kivulini, kila mtu mmoja wake.

Basi msomaji atapima mwenyewe kama fedha ya msafiri huyu ilipotea. Wahenga walisema ya kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi, na hilo ni kweli, lakini si kila mtu awezaye kwenda Maskati au Lisbon. Kila wilaya ina mahali pake, kama ni ngome, au mti wa baraza, au nyumba ya kale ambayo watu huipita kila siku. Apataye nafasi ya kwenda kupatazama na aende, na awahi kumchukua mzee wake, kwa maana kibao cha ukutani hueleza mwaka na mjenzi, lakini habari ya mikate haikuandikwa juu ya kibao chochote.