Mizani ya Hewa na Petroli

Ami yangu alikuwa fundi wa magari Ng'ambo, Unguja, na katika utoto wangu wote sikupata kumwona akifungua kitabu cha ufundi. Alikuwa akifungua boneti, akiinama na kufumba macho. Kisha alinyoosha mkono bila ya kutazama, nami nilijua kuwa anataka bisibisi. Aligeuza skrubu ya kabureta robo mzunguko, akairudisha kidogo, na injini iliyokuwa ikikohoa ikatulia mfano wa mtoto aliyepewa ziwa. Nilidhani mafundi wote wa ulimwengu hufanya vivyo hivyo.

Mwaka 2003, nilipokuwa nikijiandaa kwenda masomoni Marekani, kazi yake ilikuwa imekwisha anza kukauka. Magari yaliyotumika, yaliyokuwa yakishuka bandarini kutoka Japani na Dubai, mengi hayakuwa na kabureta. Yalikuwa na nozeli zinazonyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta, na kompyuta haina skrubu ya kugeuzwa robo. Nami, kwa ujuaji wa kijana mwenye tiketi ya ndege mfukoni, nilimwambia, "Ami, zama za kabureta zimekwisha." Hakunijibu. Alifuta mikono, akaniuliza kama nimeshakula. Neno lile limenikaa kooni miaka mingi, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Huko Marekani kuna mashindano ya magari yaitwayo 24 Hours of LeMons, yaliyoasisiwa na Jay Lamm na kuanza katika jimbo la California mwaka 2006. Jina hilo ni mzaha juu ya mashindano makongwe ya Le Mans ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1923. Tena ni mchezo wa maneno, kwa kuwa Wamarekani gari bovu huliita limau. Sharti lake kuu ni kwamba gari na matengenezo yake visizidi dola 500, mbali ya vitu vya usalama kama vile fremu ya chuma ya kumkinga dereva. Wala mbio hizi si za kasi peke yake. Ni za ustahimilivu: aghalabu huchukua siku mbili, madereva wakipokezana usukani, na gari bovu linaloendelea kutembea hulishinda gari zuri lililolala kando ya njia.

Miaka michache iliyopita, katika jimbo la Michigan, mimi na wenzangu watatu wa kazini tulinunua gari dogo la Kijapani la miaka ya 1980 kwa azma ya kuingia humo. Wiki tano kabla ya mbio, kompyuta yake ilikufa. Tulipoifungua tulikuta vipande vyake vimevuja na kuula ubao wa ndani. Kuipata nyingine, pamoja na nyaya zake, kungekula bajeti yote iliyobaki. Ndipo mwenzetu mmoja akaja na boksi lenye kabureta nne za pikipiki iliyovunjwa, akauliza ni nani kati yetu anayezijua. Wote walikuwa wahandisi, wote watoto wa zama za kompyuta. Nikajisikia nasema, "Ami yangu anazijua."

Msomaji asiyeshughulika na injini na anistahimilie kidogo. Petroli haiwaki vyema ila ikichanganywa na hewa kwa kipimo: kilo moja ya petroli yahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na injini huzama. Ikipungua, injini huungua kwa joto. Kompyuta hupima hewa inayoingia, hupima oksijeni iliyobaki katika moshi, kisha huamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Kabureta haina hesabu hiyo. Ina koo jembamba: hewa ikipita hapo hukaza mwendo, kani yake hupungua, nayo petroli iliyomo katika kibakuli hapo chini hufyonzwa kupitia kitundu kiitwacho jeti, kisichofika hata milimita mbili. Kila kipimo kimo katika upana wa kitundu hicho. Nami, niliyelelewa kwa mashairi ya mizani kumi na sita, nikatambua kwa mara ya kwanza kwamba ami yangu alikuwa mtu wa mizani. Mshairi hahesabu kwa vidole. Sikio lake ndilo linalomwambia kuwa mshororo umepwaya. Ami alikuwa hivyo hivyo mbele ya injini.

Tulichonga bamba la alumini, tukaziunga kabureta nne kwenye injini kwa vipande vya mpira. Kwa kuwa kompyuta iliyokufa ndiyo iliyokuwa ikiamua pia wakati wa kupiga cheche, tulikwenda kwenye makaburi ya magari tukatafuta distribyuta ya injini ya aina ile ile, ya zamani, yenye springi na vizito vyake vya kujiendesha yenyewe. Saa nne na nusu za usiku tuliliwasha gari. Likawaka, likatoa moshi mweusi, likatetemeka. Nikampigia simu ami. Unguja ilikuwa saa kumi na moja na nusu za alfajiri, naye ndio kwanza ametoka msikitini.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Kuna nini? Kwema?"

Nilimweleza, kisha nikaiweka simu karibu na injini ili asikilize, kama alivyokuwa akisikiliza zamani. Nilitarajia muujiza. Akasema, "Mwanangu, sisikii kitu ila wewe unavyohema." Simu za siku hizi huchuja ngurumo na kubakisha sauti ya mtu. Nikaona aibu. Lakini yeye alikwisha pita hapo. Akauliza, "Pampu mmebadilisha?"

Hatukubadilisha. Pampu ya nozeli husukuma petroli kwa kani ya bar tatu hivi. Kabureta yataka kama sehemu ya kumi na tano ya hiyo. Ikizidi, kile kiboya kinachofunga mlango wa kibakuli hushindwa, na petroli humwagika. Nilipomulika tochi niliona matone yakichuruzika, shibiri moja tu kutoka kwenye bomba la moshi lililokwisha pata moto.

"Zima," ami alisema. "Zima kwanza, tutasalimiana baadaye."

Sijui kama dakika mbili zaidi zingetosha kutuunguza. Najua kwamba wahandisi wanne tulikuwa tumesimama hapo tukilitazama gari, na aliyeiona hatari alikuwa mzee mmoja aliye ng'ambo ya bahari, ambaye hakuona kitu wala hakusikia kitu.

Baada ya kutia pampu ndogo alitufundisha kusoma plagi. Tuliendesha gari, tukalizima ghafla, tukafungua plagi nne na kuzipiga picha. Nyeusi zenye masizi, jeti ni kubwa. Nyeupe kama chaki, jeti ni ndogo, na injini itaungua. "Nataka rangi ya kahawa ya maziwa," alisema. Kwa siku tisa tulibadilisha jeti, kila usiku picha, kila alfajiri jibu. Siku ya kumi akaandika neno moja: "Iacheni."

Usiku huo nilimtaja 2003. Nilimwomba radhi kwa neno nililomwambia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kuwa wiki ile ile kabla ya safari yangu mteja wake wa miaka ishirini alilivuta gari lake kwa kamba kutoka gerejini kwake, kwa kuwa yeye alishindwa kuliwasha. "Wewe hukunivunja," alisema. "Ulinikuta nimevunjika. Na kompyuta si adui yangu. Ni lugha ambayo hapakuwa na wa kunisomesha."

Nimelitafakari sana jibu hilo, kwa kuwa lilininyima hitimisho jepesi nililokuwa nimeliandaa, la kwamba cha zamani ni bora na kipya ni udanganyifu. Ukweli sivyo ulivyo. Nozeli hujirekebisha zenyewe kwa joto na kwa mwinuko wa ardhi, hutumia petroli kidogo zaidi na hutoa moshi ulio safi zaidi. Hata NASCAR, mashindano makubwa ya Wamarekani, yaliyoshikilia kabureta kwa takriban miongo miwili baada ya magari ya kawaida kuziacha, yalihamia kwenye nozeli mwaka 2012 katika daraja lake la juu. Kabureta yetu haikutuongezea nguvu ya kutajika. Ilitupa kitu kimoja tu: gari ambalo sisi wenyewe, kwa bisibisi na plagi nne mkononi, tuliweza kujua linaumwa wapi.

Nacho tulikihitaji. Katika mbio, kila tulipokata kona moja ndefu ya kulia, injini ilikohoa. Petroli ilikuwa ikielemea upande mmoja wa kibakuli na kuiacha jeti ikinyonya hewa. Safari hii sikupiga simu. Tuliingia kando, tukapinda kilimi cha kiboya kwa unene wa ukucha ili petroli isimame juu kidogo, tukarudi njiani. Magari matatu yenye kompyuta yalikuwa yamelala pale, wenyewe wamesimama wameshika viuno. Sikuwacheka. Nilimwona ami katika kila mmoja wao, siku ile ya kamba.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilikuwa nikiifahamu methali hii kuwa ni onyo kwa msafiri. Sasa naona kwamba ngamani ndiko kunakoonekana maji yanayovuja, na asiyeshuka huko hajui chombo chake kinaingia maji wapi. Nasikitika kwamba palipokuwa na mtu wa kumsomesha ami lugha ya pili, sisi tuliosoma tulimwambia tu kuwa zama zake zimekwisha. Lau angesomeshwa, sikio lake na kompyuta vingekuwa mkono mmoja.

Mbio zilipokwisha nilimpigia.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza, ami."

"Alhamdulillahi. Wa ngapi?"

Nikamwambia tulikuwa katikati ya orodha, karibu na chini kuliko juu. Akacheka kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.