Wakan: Kijiji cha Mlimani Juu ya Pwani ya Batina



Wengi wetu tuishio Hayes, twendapo Oman, safari yetu huishia Maskati: huwaamkia wazee, tukazunguka soko la Matrah, kisha tukarejea Heathrow. Twakushaurini muongeze siku moja, muwachukue watoto mpande Wakan.

Kijiji hiki kimo katika Wadi Mistal, wilaya ya Nakhal. Kutoka Maskati twafuata pwani ya Batina hadi Barka, kisha twaipa bahari mgongo na kuelekea Nakhal, penye ngome kongwe juu ya jabali na chemchemi ya maji moto. Baadaye barabara huingia bondeni na kukwea kwa ukali. Asiyeizoea asione haya kumwachia mwenyeji usukani. Hivyo, kwa asubuhi moja tu, mtu hutoka kwenye mchanga wa pwani akafika penye ubaridi, ambako hustawi mishmishi, zabibu na komamanga. Mwezi wa Februari mishmishi huchanua, na mlima mkavu ukavaa maua.

Kijijini hupandwa mamia ya vidato vya mawe, na maji ya falaj yakiteremka kwenda kwenye vishamba vilivyopangwa kama ngazi. Mifereji ya namna hii ndiyo uhai wa Oman. Mwaka 2006 UNESCO iliiandika mitano katika urithi wa dunia. Wa Wakan haumo katika hiyo mitano, lakini hekima ni ile ile. Kwa desturi ya Oman maji ya kunywa hutangulia, kisha ya msikitini na ya kuoga, ndipo mashamba. Hugawanywa kwa zamu. Fungu moja, liitwalo athar, ni kiasi cha nusu saa, na zamani lilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Tajiri na maskini kila mmoja hungoja zamu yake.

Mabonde kama haya ndiko walikotoka wazee wa wengi wetu. Maji yalipopungua na riziki ikawa finyu, walishuka pwani, wakapanda majahazi kwa upepo wa kaskazi hadi Unguja, Pemba na Mombasa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya 1970, wengi walirudi Oman. Wengine tukaja huku.

Leo vijana wa milimani nao huteremka mijini kutafuta kazi. Lakini falaj haumngoji aliyesafiri: usiposafishwa huziba, na ukuta wa shamba ukibomoka, udongo huchukuliwa na mvua. Kazi ya mababu mia hupotea kwa uvivu wa kizazi kimoja. Nasi tulio mbali tuna mfereji wetu, nao ni lugha na undugu. Zamu ya kuusafisha sasa ni yetu.

Mkienda, vaeni kwa heshima, msichume matunda ya watu, wala msitie mikono michafu katika falaj, kwani walio chini wanayangoja maji hayo. Na siku ya mawingu msiingie bondeni kabisa. Mafuriko hushuka ghafla.