Bustani Iliyoota Juu ya Jiwe

Ukivuka daraja la Nyali na kushika njia ya Malindi, baada ya kitambo kidogo unaingia Bamburi, na kando ya barabara ndipo palipo na Haller Park. Ni nadra kuipata familia ya Mombasa isiyopajua. Siku za Idi na za likizo akina mama huteremka matatuni pamoja na watoto na vikapu vya sambusa na viazi vya karai. Twiga hulishwa, mamba hutazamwa, picha hupigwa, na jioni kila mtu hurejea kwake. Ni matembezi mema. Lakini mtoto aliyeonyeshwa wanyama peke yao bado hajaonyeshwa lililo kubwa zaidi mahali hapo, nalo ni ardhi anayoikanyaga.

Ardhi hiyo zamani ilikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilichimba jiwe la chokaa kwa miaka mingi, kikaacha uwanja mweupe usio na udongo, wenye joto kali, na chini yake maji ya chumvi. Mnamo mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa 3 tu, na mvinje ndio uliostawi kupita yote. Siri yake imo mizizini, ambamo huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti.

Hata hivyo, majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza. Yalilala juu ya jiwe kama mkeka, na mkeka hauoti kitu. Aliyeleta faraja ni mdudu tunayemfagia barazani bila ya kumtazama mara mbili: jongoo. Jongoo waliletwa, wakayatafuna majani hayo, kinyesi chao kikawa mbolea, na mwaka baada ya mwaka udongo ukapatikana. Hilo ni somo zima la sayansi, na mtoto anaweza kulishika mkononi.

Kutoka hapo Kiswahili hakiko mbali. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Muulize mtoto: hapa jongoo hakutupwa, bali alitafutwa na kuletwa, je, methali imekosea, au ina maana nyingine? Mwache abishane na nduguye. Mabishano hayo ndiyo mwanzo wa insha njema.

Jiografia na historia nazo zimo katika jiwe lenyewe. Chokaa ya Bamburi ni matumbawe ya kale, kazi ya viumbe wadogo wa baharini katika zama ambazo bahari ilipafunika mahali hapo. Matumbawe kama hayo ndiyo yaliyojenga kuta za Mji wa Kale, na ndiyo yaliyojenga Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mtoto aliyepapasa ukuta wa nyumba ya bibi yake amekwisha kuigusa bahari ya kale, ila hajaambiwa.

Hesabu haihitaji daftari. Ulimi wa twiga hufikia sentimita 45, yaani kama dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mtoto na apime kwa mkono wake, kisha kwa mkono wa babake, aone kwa nini watu waliafikiana kutumia rula. Na shingo ile ndefu, ina mifupa mingapi? Ni 7, sawa na shingo ya mwanadamu. Kilichotofautiana ni urefu wa kila mfupa.

Kisha kuna kisa cha Owen na Mzee. Mwishoni mwa Desemba 2004, tsunami iliyoanzia karibu na Sumatra, takriban kilomita 6,000 kutoka kwetu, ilifika pwani ya Kenya. Kiboko mchanga aliyetengwa na wenziwe aliokolewa baharini karibu na Malindi, akaletwa Haller Park na kupewa jina la Owen. Humo alimkimbilia kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, akawa halali ila kando yake. Mtoto atatoa 130 katika 2004 na kuutafuta mwaka wa kuzaliwa kwa kobe huyo. Ataitafuta Sumatra katika ramani. Na pengine atauliza yatima hutafuta nini kwa mgeni. Swali hili la mwisho halimo katika ratiba ya shule, wala halipungui uzito kwa hayo.

Wapo akina mama wasemao, «Mimi niliacha shule mapema, nitamfundisha nini?» Jibu ni kwamba hapa hakuna anayetakiwa kuhutubu. Yatosha maswali matatu chini ya kivuli cha mvinje, na usiku mtoto amsimulie bibi yake aliyoyaona. Asiyeweza kulisimulia jambo bado hajalijua.

Machimbo ya mawe yangali mengi katika pwani yetu, na mengine yameachwa wazi, hayana mti wala mmea. Watakaoamua yawe nini ni hawa wanaosoma darasa la nne na la tano leo. Basi, mkienda Bamburi, msiondoke kabla mtoto hajachutama, akafukua majani makavu kwa kijiti, na kumtafuta jongoo.