Bonde la Ahr: Divai Nyekundu Katika Nchi ya Baridi

Magharibi mwa Ujerumani, kusini kidogo ya mji wa Bonn, hupita mto mdogo uitwao Ahr. Urefu wake haufiki kilometa 90, nao humwaga maji yake katika mto mkubwa wa Rhine karibu na mji wa Sinzig. Wakati wa kiangazi mtu aweza kuuvuka kwa miguu mahali pengi. Mto huu ndio uliolipa bonde jina, na bonde ndilo liipalo Ujerumani baadhi ya divai zake nyekundu zilizo bora.

Jambo hilo lashangaza, maana nchi ile ni ya baridi, na Wajerumani wamesifika zaidi kwa divai nyeupe. Siri imo katika mawe. Bonde ni jembamba, na kuta zake ni za jiwe jeusi la tabaka tabaka, la aina ile iliyotengenezewa vibao vya kuandikia wanafunzi wa zamani. Mchana jiwe hilo hunywa joto la jua. Usiku hulitoa kidogo kidogo, kama jiko lililoachwa na makaa. Wakulima wamejenga kuta za mawe kwenye miteremko ielekeayo kusini, wakapanda mizabibu ngazi kwa ngazi. Mahali pengine mteremko ni mkali hata kazi yote hufanywa kwa mkono.

Zabibu itawalayo huko ni Pinot Noir, ambayo wenyeji huiita Spätburgunder. Ganda lake ni jembamba, nayo haipendi joto kali: ikiharakishwa kuiva hupoteza harufu. Katika ubaridi huiva polepole na kubaki na uchachu wake. Msomaji asidhani kwamba wekundu watoka katika maji ya tunda. Maji hayo hayana rangi kubwa. Zabibu husetwa, kisha huachwa zichachuke pamoja na maganda, nayo maganda ndiyo yatoayo rangi. Divai ipatikanayo ni nyepesi kwa rangi na hailewi upesi kama zile za nchi za jua kali. Aliyezoea divai tamu ataiona kali mwanzoni; hiyo si ila.

Watu wa bonde hilo waliwahi kuwa maskini sana. Bei ya divai ilianguka, na wengi wakahamia Amerika. Mwaka 1868, katika kijiji cha Mayschoß, wakulima 18 waliungana wakaunda chama cha ushirika cha kusindika na kuuza divai yao. Chama hicho kipo hadi leo, nacho huhesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika wa divai vilivyo vikongwe kabisa duniani.

Lakini bonde lile lile lihifadhilo joto huyakusanya maji pia. Mafuriko ya mwaka 1804 yaliua watu 63, na ya mwaka 1910 yaliua zaidi ya 50, wengi wao vibarua wa reli. Waliofuata waliyasahau. Ajabu ni kwamba, katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Ujerumani Magharibi ilichimba handaki la zaidi ya kilometa 17 chini ya mashamba hayo ya mizabibu. Humo watu 3,000 wangeweza kujificha kwa siku 30 kama vita vya nyuklia vingezuka. Hatari iliyotazamiwa ilikuwa ya kutoka angani, na mto ukaachwa upite zake.

Usiku wa Julai 14 kuamkia 15, mwaka 2021, maji yalipanda karibu na Altenahr hadi kiasi cha meta 10, hali rekodi ya mwaka 2016 haikufika hata meta 4. Amri ya kuwahamisha watu waishio meta 50 kila upande wa mto ilitoka baada ya saa 5 usiku, wakati vijiji vya juu vimekwisha kuzama. Katika bonde hilo walikufa watu zaidi ya 130. Kumi na wawili kati yao walikuwa wenye ulemavu waliolala katika nyumba ya matunzo mjini Sinzig, karibu kabisa na mwisho wa mto, ambako maji yalichelewa kufika saa nyingi.

Mizabibu ya miteremkoni ilisalimika. Kilichopotea ni mashamba ya chini pamoja na maghala, mashine na mapipa vijijini, na viwanda vya divai karibu vyote vilidhurika. Wanajeshi walitandika madaraja ya muda, polisi na wazima moto wakatafuta watu, na wakulima wa mikoa mingine wakaja na matrekta yao. Wengine walirudi msimu wa mavuno, na zabibu za mwaka ule zikavunwa. Chupa zilizofukuliwa matopeni ziliuzwa bila kuoshwa, zikakusanya zaidi ya euro milioni 4 za msaada.

Baadaye serikali ilichora upya mipaka ya mafuriko, lakini nyumba chache tu ndizo zilizokatazwa kujengwa tena. Wapo waliohama, na wapo waliojenga palepale kandokando ya mto, kwa kuwa miteremko imeshikwa na mizabibu na ardhi tambarare haipo nyingine.