Kichwa cha Mwendawazimu

Lipo shairi langu moja ambalo sitaki lisomwe. Lilichapishwa gazetini mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa kijana wa miaka 20 na ushei hapa Mwanza, na nashukuru kwamba nakala pekee niliyoitunza imekwisha kuliwa na mchwa. Lilikuwa tarbia ya beti saba, vina vimetulia, mizani hazikupungua wala kuzidi. Lilihusu Taifa Stars. Kibwagizo chake sikukitunga. Nilikiokota vinywani mwa watu:

Kichwa cha mwendawazimu, kila mtu hunyolea.

Washairi miongoni mwenu wamekwisha kuhesabu: nane, nane. Usemi ulikuwa umekuja ukiwa umekatwa tayari kwa kipimo cha shairi, na kijana mvivu akipata mshororo wa bure hauachi. Tena ulikuwa na baraka ya wakubwa. Rais wa awamu ya pili, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alikuwa ameifananisha timu yetu ya taifa na kichwa hicho ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa, na kwa kuwa Mzee alikuwa fundi wa Kiswahili, neno lake halikuanguka chini. Mpaka leo, Stars ikifungwa, utalisikia kwenye daladala za Buzuruga na kwenye mabenchi ya Mwaloni kabla refa hajafika chumba cha kubadilishia nguo.

Baba alilisoma shairi mezani, akiwa amevaa miwani ya kusomea. Alilisoma mara mbili. Kisha akalikunja gazeti likawa dogo kabisa, akaniuliza:

“Umewahi kukinyoa?”

“Kipi, baba?”

“Hicho kichwa.”

Hapo inanibidi nirudi nyuma. Nyumbani kwetu Kirumba tuliishi na baba mdogo, mdogo wake baba wa kuzaliwa tumbo moja. Alikuwa mvuvi wa dagaa upande wa Ukerewe, na maradhi ya akili yalimpata akiwa bado kijana, hajaoa. Mtaani walikuwa na jina lao la kumwita, nanyi mnalijua, kwa kuwa limo ndani ya kibwagizo changu. Baba hakulitumia kamwe. Alisema tu, “Leo mdogo wangu hakuamka vizuri,” nasi watoto tukajua siku hiyo tusipige kelele uani.

Kila Jumapili ya pili baba alimnyoa. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Mwatex, mtu wa mashine na nyuzi, wala hakuna aliyemfundisha unyozi. Aliweka kigoda chini ya mwembe, beseni la maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande na wembe mpya ambao hakuruhusu mtu mwingine autumie. Kazi ya dakika 15 ilichukua saa nzima. Baba mdogo hakuweza kukaa tuli isipokuwa kwa sharti moja: redio iwe inaongea, na ikiwezekana iwe inatangaza mpira.

Hivyo ndivyo nilivyoisikia Ndola. Ilikuwa Agosti 1979. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miezi michache tu iliyopita, na huku kwetu Kanda ya Ziwa watu walikuwa bado wakihesabu nani amerudi. Stars ilikuwa imeifunga Zambia 1–0 Dar es Salaam, sasa ilikuwa ugenini ikitafuta kuvuka. Zambia wakapata bao. Uani kwetu hapakusemwa neno. Kisha Peter Tino akasawazisha, na sare ile ya 1–1 ikatupeleka Nigeria, katika fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Nakumbuka kwamba baba aliinua wembe juu, mbali na kichwa, akausubirisha hewani mpaka kelele za redio zilipopungua, ndipo akaendelea. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani anashangilia kwa njia yake ya kizee.

Vijana wa leo, wanaozoea fainali za timu 24, wasisahau kwamba mwaka ule zilikwenda timu 8 tu. Kufuzu kulikuwa ndiyo robo fainali yenyewe. Tulipangwa na wenyeji Nigeria, na Misri, na Ivory Coast. Wenyeji walitufunga 3–1 mjini Lagos, bao letu likiwa la Juma Mkambi. Misri wakatushinda 2–1. Na siku ya mwisho tukatoka 1–1 na Ivory Coast. Mabao yote mawili ya mechi hizo mbili alifunga Thuwein Ally. Baba aliyataja majina ya kikosi kile, Pondamali, Mtagwa, Tenga, kama mtu anavyotaja wajomba zake. Nigeria wakatwaa kombe.

Sasa nirudi mezani, kwa baba na gazeti lililokunjwa. Jumapili iliyofuata aliniita nishike beseni. Nilikuwa nimeliona tendo lile mara nyingi, ila sikuwahi kukisogelea kichwa chenyewe. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na makovu matatu, membamba, yamepangana kama mistari ya daftari.

“Haya ni ya kinyozi,” baba alisema, bila kuinua sauti, maana mwenye kichwa alikuwa anasikia. “Nilimpeleka mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ugonjwa wake, nikaenda dukani nirudi kumchukua. Yule bwana akamwita kijana wake aliyekuwa anajifunza. Akamwambia, jaribia hapa. Watu walicheka. Na mimi nilipofika nilikuta wanacheka.”

Akasuuza wembe.

“Unadhani kichwa hiki ni rahisi? Kinageuka bila kukuambia. Ukikuta kinyozi anakiweza, huyo mpe kichwa cha rais.”

Nikashika beseni mpaka mwisho. Hatukulizungumza shairi tena, siku ile wala siku nyingine.

Tangu hapo nimekuwa msikilizaji wa namna tunavyosema kushindwa, na nadhani timu hii imekifanyia Kiswahili kazi kubwa kuliko inavyosifiwa. Chukua maneno mawili tu. Watangazaji na waandishi wetu wa michezo hutofautisha: mechi iliyokwisha kwa mabao sawa ni sare, lakini ile ambayo nyavu hazikutikisika ni suluhu. Sare ni neno la nguo pia, lile vazi wanaloshona kina mama wafanane harusini. Suluhu ni neno la baraza, la wazee waliokaa kitako mpaka wagomvi wakapeana mikono. Lugha ngapi zina maneno mawili ya kuelezea jambo ambalo wengine huliona ni moja? Sisi tuliyahitaji. Katika fainali zetu tatu za kwanza, za 1980, za 2019 kule Misri, na za Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, tulicheza mechi 9: ushindi hakuna, vipigo 6, sare 2, suluhu 1. Na hata ile tiketi ya kwenda Ivory Coast tuliipata kwa suluhu, Septemba 2023, Annaba, nyumbani kwa Algeria.

Zambia nao wana ukurasa wao. Baada ya ile sare ya Ndola, tulikutana nao tena katika fainali za kwanza za CHAN, mwaka 2009, ambako Mrisho Ngassa, mtoto wa hapahapa Mwanza, alikuwa amekwisha kuwafunga wenyeji Ivory Coast bao la ushindi. Tukatoka na Zambia 1–1. Sare hiyo ikawapeleka wao nusu fainali, sisi nyumbani.

Ya 2019 nitayapita haraka. Miaka 39 ya kungoja ilikwisha Machi 24 kwa ushindi wa 3–0 dhidi ya Uganda, na mji huu haukulala. Baba hakuwepo, alikuwa amefariki miaka 15 kabla, akiwa na Nigeria peke yake. Kule Misri tulifungwa zote tatu, na Senegal, na Kenya tuliowatangulia mara mbili, na Algeria. Mtaani kibwagizo kikarudi, herufi kwa herufi. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba Algeria na Senegal ndio waliokutana katika mechi ya fainali.

Jumapili ya Januari 21, 2024, Stars ilicheza na Zambia mjini San-Pédro, saa mbili usiku kwa saa zetu. Kumnyoa baba mdogo ni kazi yangu sasa. Ni mzee wa zaidi ya miaka 70, mwepesi, nywele zake zimekuwa nyeupe na laini kiasi kwamba wembe hupita bila sauti. Jioni ile alikataa katakata kukaa mpaka mpira uanze, kwa hiyo nikamnyolea sebuleni chini ya taa, taulo shingoni, televisheni mbele yetu.

Dakika ya 11 Msuva akafunga. Baba mdogo alicheka, kichwa kikageuka bila kuniambia, nami nilikuwa nimeshauinua wembe. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki 10 uwanjani. Nikaanza kufikiri jambo ambalo hakuna Mtanzania aliyewahi kulifikiri kwa utulivu: kwamba mechi hii tunaishinda. Nilipunguza mwendo. Nilitaka, sijui kwa nini, kumaliza pamoja na refa. Nilikuwa nimefika nyuma ya sikio la kulia, kwenye ile mistari mitatu, dakika ya 88, Patson Daka alipoiruka beki yetu na kusawazisha kwa kichwa.

Mtaani kukawa kimya, kisha nikasikia, kutoka baraza ya jirani, sauti ya kijana ambaye simfahamu ikianza zile mizani nane za kwanza. Baba mdogo naye aliisikia. Akanitazama kupitia kile kioo kidogo anachopenda kukishika mwenyewe.

“Ngapi?” akaniuliza.

“Moja moja, baba mdogo.”

“Na Zambia?”

“Na Zambia.”

“Kama siku ile,” akasema, akainamisha kichwa ili nimalizie.