Boti Yetu Haikufika Uturuki

Kwa miaka mitatu, mlango wa friji yetu ulibeba picha moja: boti ya mbao yenye milingoti miwili imetia nanga kwenye ghuba ya Göcek, Uturuki, maji ya bluu mpaka macho yanauma. Chini yake niliandika kwa kalamu nyekundu: "Miaka saba ya ndoa!" Wiki nzima majini, mimi na shemeji yenu, bila simu za ofisini, bila mgeni wa kulala sebuleni.

Nilishasoma kila kitu. Boti zile zinaitwa guleti, na msimu wake ni Mei mpaka Oktoba. Nahodha na mpishi wamo humo humo. Asubuhi mnaogelea, mchana mnahamia ghuba nyingine, usiku mnalala sitahani juu kabisa, mnahesabu nyota. Kutoka Dar unaruka hadi Istanbul, halafu Dalaman, na pwani ndiyo hiyo. Tukafungua akaunti ya pamoja, kila mwezi kila mtu anatumbukiza chake.

Juni mwaka jana nikaenda benki kuchukua taarifa ya akaunti. Jamani! Zaidi ya nusu haipo.

Shemeji yenu hakukataa. Upepo ulikuwa umeezua nyumba ya mama yake kule Tarime, naye akanunua mbao na mabati, akalipa fundi. "Niliona nikikwambia utakasirika," akasema. Eti!

Msomaji wangu, kilichoniuma siyo paa. Nani ataona mama ananyeshewa akakaa kimya? Kilichoniuma ni kwamba kwa miezi minne alikuwa anaitazama ile picha pamoja nami na kutabasamu. Wiki mbili tukaishi kama wapangaji: salamu, funguo, usiku mwema.

Mwisho nikamwambia, kama boti yangu imegeuka bati, basi twende nikalione hilo bati.

Agosti tukafunga safari. Tulivuka Daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapokaribia kumwaga maji yake Ziwa Victoria, tukapanda hadi Tarime kwenye migomba na baridi ya asubuhi. Mama mkwe alitupokea na ugali wa muhogo na mtama. Tulipomaliza kula akanishika mikono yote miwili. "Asante mwanangu. Mura ameniambia ni wewe uliyesema paa la mama lianze, mengine yafuate."

Nikamtazama mume wangu. Yeye anatazama sakafu. Nimepewa shukrani ya jambo ambalo sikuulizwa! Nikasema, "Karibu, mama," nikatoka nje kuyaangalia yale mabati yanayometameta. Sikujua nicheke au nilie.

Kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania hifadhini ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni, tukaenda kulala Mugumu, wilayani Serengeti. Alfajiri tukaingia na gari la kukodi mpaka Kogatende. Mto ni ule ule wa Kirumi, ila huku juu nyumbu ndipo wanapovukia. Walikuwa maelfu kwenye ukingo. Wanasogea, wananusa maji, wanarudi nyuma. Mamba wametulia. Saa tatu, saa tano, saa saba. Injini imezimwa, simu hazishiki, dereva kalala, na kushuka ni marufuku.

Basi bwana, hapo ndipo nikaelewa nilichokuwa nakitafuta kwenye boti. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayeweza kuinuka na kwenda chumba kingine.

Akaanza yeye. "Mimi ni kifungua mimba. Nikikwambia mama anavujiwa, ni kama nakuomba. Na ungekataa, ningekuchukia."

"Kwa hiyo ukaamua kunikatalia wewe, kwa niaba yangu?"

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo sikulisikia tangu Juni: "Nisamehe." Nami nikakiri langu: tangu tuoane nilikuwa nimefika Tarime mara moja tu, siku ya kutambulishwa. Alikuwa na sababu ya kuniogopa.

Saa nane nyumbu mmoja akajirusha. Ndani ya dakika chache mto wote ukawa mgongo wa nyumbu.

Tuliporudi nikasoma upya kuhusu zile safari za Uturuki. Kumbe hazikuanza na anasa. Mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı alihamishiwa Bodrum kama adhabu mwaka 1925, akaipenda pwani ile, na baadaye akawa anaizunguka na rafiki zake kwa mashua za wazamiaji wa sponji. Chakula chao kilikuwa cha kawaida kabisa. Walichokuwa nacho ni muda na maongezi.

Siku hizi tuna akaunti mbili: ya safari, na ya wazazi wa pande zote mbili. Hakuna anayetoa hela peke yake. Picha bado ipo kwenye friji, ila pembeni yake kuna nyingine: mama mkwe chini ya paa lake jipya.

Wewe je, kuna nini ambacho mwenzio ameshajikatalia kwa niaba yako? Muulize leo, kabla hujaenda benki.